Salamu za Saa Moja na Dakika Kumi

Mama yangu alipiga kengele ya shule kwa miaka ishirini na sita, mpaka mtaa mzima ukamwita Mama Kengele. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kuhusu saa. Ndiye aliyeshtuka kwanza, mimi nikiwa naosha vikombe.

"Hebu njoo uone. Kaka yako kanisalimia saa moja na dakika kumi. Jana hivyohivyo. Juzi hivyohivyo."

"Si vizuri, mama? Ana adabu."

"Adabu gani ya dakika? Mimi nililipwa kwa kazi hiyo, na bado sikuwahi kupiga kengele dakika ileile siku mbili mfululizo. Huyu si mwanangu."

Kaka yangu anatengeneza tovuti za watu. Ofisi yake ni kompyuta ya mkononi, kwa hiyo kila mwezi anahama: chumba kipya, mji mpya, mara nchi mpya, popote penye mtandao wa kasi. Kabla ya kuondoka alitujazia simu vitu vya kutuunganisha: saa ya mji aliko, simu ya video, kalenda yenye ratiba yake yote. Siku hizi video zilikuwa zimekatika. Zilibaki salamu za ujumbe.

Nilimwambia mama ana wasiwasi wa bure. Lakini alikuwa na sababu. Jumapili alikuwa amemwandikia kaka ujumbe mrefu, kwa kidole kimoja, nusu saa nzima: daktari amekuta mtoto wa jicho, upasuaji ni Alhamisi ijayo, anaogopa, je, hawezi kuja akamshika mkono? Jibu liliingia kabla hajavua miwani. "Nimekuelewa mama. Ubarikiwe." Basi.

"Mtoto wa jicho ninaye," mama akasema. "Mtoto wa tumbo simwoni."

Asubuhi aliamini kaka ameuawa na simu yake imeibwa. Mchana ikawa ni mwanamke, amemfungia ndani na anamjibia. Jioni akarudi kwenye kifo. Nilimcheka, nakiri, ila nami nilikuwa nimeanza kuingiwa na shaka.

Kesho yake salamu ilipoingia, mama hakuitikia. Aliandika yeye: "Shikamoo, mwanangu."

Nikashika mdomo. Mzazi kumwamkia mtoto wake! Kaka niliyemjua angepiga simu papo hapo, akidhani mama amechanganyikiwa.

Ujumbe ukaingia. "Marahaba mama. Umeamkaje?"

Mama akakaa sakafuni, pu! Nikampigia kaka, hapatikani. Nikafungua ile kalenda, nikakuta yumo kikaoni na wateja, nikabonyeza kiungo. Mimi na mama, kitambaa cha kulalia kichwani, tukatokea katikati ya nyuso sita za watu waliovaa tai. Ya saba ilikuwa ya kaka, macho yamemtoka pima. Akazima haraka, akatupigia video.

Hakujitetea sana. Tangu mwezi wa tatu alikuwa ameweka programu ya kutuma salamu na kujibu, maana saa zetu zinapishana na kazi zimemfika shingoni.

"Sikutaka mama akose salamu hata siku moja. Niliifundisha salamu zote."

"Mpaka marahaba?" nikafoka. "Huna haya wewe!"

Mama akaninyang'anya simu, akaisogeza karibu na jicho lake zima. Bado hakumwamini. Alimkagua paji la uso, masikio, ukuta wa nyuma yake.

"Kama ni wewe kweli, Jumapili nilikuambia nini?"

Kaka akatazama pembeni. Alipomgeukia tena, machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui. Sikusoma."

Mama akashusha pumzi ndefu.

"Haya, basi ni wewe," akasema. "Ile nyingine ingesema imenielewa."