Mwajiri wa marehemu baba ametuletea mbuzi, na mimi naogopa kumla

Admin, nifichie jina kabisa, maana mtu ninayemwogopa pia hufuata ukurasa huu. Nimemwona akiandika "Amina" kwenye maombi yenu ya asubuhi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, kifungua mimba kwetu, nafundisha chekechea upande wa Kanyakine. Tumebaki watatu: mama, mimi na ndugu yangu mdogo.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Mwaka jana mkanda wa mashine ulikatika ukampiga kifuani, na hospitali hakufika. Mwenye kiwanda ni mzee wa kanisa letu, mtu mpole, hata sauti hapandishi. Kwenye mazishi alilia kuliko sisi wenyewe. Akaleta na ng'ombe dume, tukamchinja, kijiji kizima kikala na kumwombea baraka. Jamani, ng'ombe wa matanga nani huuliza ni wa nini?

Nilipokwenda kumwuliza kuhusu malipo ya baba, ya kufia kazini na ya ile miaka yote, alinikaribisha chai. Kisha akaniambia polepole, "Msichana wangu, hiyo maneno si tulimaliza? Ile ng'ombe mlikula, mlifikiria ni ya bure?"

Siku iliyofuata nikaenda ofisi ya leba, ile ya haki za wafanyakazi, Meru mjini bila kumwambia mtu. Afisa alinisikiliza, akasema haki ya marehemu hailipwi kwa nyama, na kwamba nirudi Jumatatu ijayo na mama, kwa kuwa yeye ndiye mjane, tuandikishe madai. Nilirudi nikiwa mwepesi, nikaona baba hatimaye atapumzika. Kumbe nilifurahi mapema. Haukupita muda mwenye kiwanda akamkuta mama shambani akichuma maharagwe. "Mama, huyu msichana wako siku hizi anapenda kutembea Meru. Mwambie barabara ni mbaya." Mama alirudi nyumbani mbio, maharagwe ameyaacha huko huko. Tangu siku hiyo pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yangu, naingia shambani mwa watu mpaka ipite. Hata yule mzee akinisalimia kanisani naitikia nikitazama chini.

Lakini hofu yangu kubwa ni ndugu yangu. Baada ya mazishi yule mzee "alimhurumia" akampa kazi, kwenye mashine ile ile. Nilimwuliza kama walinunua mkanda mpya. Akacheka. "Walishona tu ile ya zamani. Wewe wacha maneno mingi, hii kazi ndio inalisha mama."

Sasa leo mchana mwenye kiwanda ametuma mbuzi. Baba mdogo, yule anayemfuata baba kuzaliwa, amepokea kamba kwa mikono miwili. Anasema Jumamosi wazee watakuja, mbuzi achinjwe, tule pamoja na mwenye kiwanda na maneno yaishe. Akanigeukia mimi: "Na wewe utakula. Ukikula na mtu halafu umshtaki, hiyo ni kirumi. Hiyo laana itafuata mpaka watoto hujazaa." Mimi nimeokoka na sipaswi kuogopa kirumi, lakini sitawadanganya, naiogopa. Nikamtazama mama anitetee. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Tukule tu, mwanangu. Mimi nimezika mmoja."

Hapo ndipo nilipolia. Yule ng'ombe tulimla bila kujua, na asiyejua halaumiwi. Mbuzi huyu sote tunajua ni wa nini. Nikila, nitakuwa nimemmaliza baba kwa mdomo wangu mwenyewe, na Jumatatu sina uso wa kurudi kwa afisa. Nikikataa mbele ya wazee, Jumatatu hiyo hiyo ndugu yangu atasimama mbele ya mkanda ulioshonwa, na anayempangia kazi ni yule niliyemwaibisha. Nimemwambia aache kazi, ananiona nina wivu.

Ninapoandika haya yuko nje anamkatia mbuzi majani, amevaa koti la kazi la baba. Ukimwona kwa mgongo unaweza kuita, "Baba."

Jumamosi sahani itawekwa mbele yangu na watu wote watanitazama mkono. Ndugu zangu, mliopitia haya na mnaojua sheria, niambieni: nile, au nisile?