Pedeli ya Kisigino

Mama yangu alikuwa mkunga wa zahanati kule Kinole, na kwa miaka mingi alipanda na kushuka ile milima kwa pikipiki nyekundu ya Kijapani aliyoinunua ikiwa tayari imechoka. Wanawake waendesha pikipiki upande wetu walikuwa wa kuhesabika. Watoto wakisikia injini yake walitoka mbio wakipiga kelele, "Mama nesi! Mama nesi!" naye akawajibu kwa honi. Mpaka leo nikikutana na karafuu zimeanikwa kwenye jamvi kando ya njia, naona kama harufu yake ina upungufu, kwa sababu moshi wa ile pikipiki haumo.

Masika moja, akirudi kutoka kumtazama mzazi, tairi la mbele liliteleza kwenye tope na pikipiki ikamlalia mguu wa kushoto. Mifupa iliunga, lakini kifundo hakikurudi kama zamani. Alitembea, tena vizuri tu, ila hakuweza kuinua vidole kuelekea juu. Na pikipiki yake ilitaka hasa hicho. Gia ya kwanza unakanyaga chini; zote zinazofuata unapenyeza ncha ya kiatu chini ya pedeli, unainua. Alijaribu uani kwetu asubuhi nzima. Injini ililia kwenye gia ya kwanza, mguu ukabaki pale pale.

Kaka zangu wakasema basi, inatosha. Nami niliwaunga mkono. Nikamwambia, "Mama, pumzika sasa."

"Nipumzike, na wajawazito wa kule juu nao watapumzika?"



Wakati huo nilikuwa nafundisha sekondari Mikese. Pale kando ya barabara kuu palikuwa na fundi aliyenunua pikipiki zilizokufa, za Kichina na za Kihindi, akazifungua na kuuza vipuri. Siku moja, nikinunua maandazi kwa jirani yake, nilimsimulia habari za mama, kama mtu anavyosimulia msiba tu. Akaweka spana chini.

"Mlete, mwalimu. Na pikipiki yake uje nayo."

Mama alifika Jumamosi, kwenye pikapu iliyobeba ndizi, pikipiki imefungwa kamba nyuma.

"Shikamoo, mama," fundi alimsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Haya, itazame."

Hakuitazama. Alivuta kigoda, akamwomba mama avue kiatu. Mama alisita, maana lile kovu alikuwa akilificha hata mbele yetu. Kisha akavua. Fundi akamwambia akanyage mkono wake kwa vidole, halafu kwa kisigino. Kwa kisigino alikanyaga mpaka fundi akaguna.

"Mbona una nguvu huku nyuma! Tutatumia hii."

Kwenye rundo lake alichomoa pedeli ya gia ya bodaboda ya Kichina, yenye mikono miwili kama pembea: wa mbele wa vidole, wa nyuma wa kisigino. Ukikanyaga wa nyuma, gia inapanda, huinui chochote. Tatizo, tundu lake lenye meno halikuingia kwenye pikipiki ya mama. Akakata kitovu cha pedeli ya zamani, akakichomelea kwenye mikono ya ile ngeni. Na vile vyuma vya kuwekea miguu, vyembamba kama vijiti, akavitoa, akafunga vipana vya pikipiki ya tatu, ili mguu ule ukae bila kuteleza.

Mama akapanda. Gia ya pili iliingia. Alipotaka ya tatu, mkono wa nyuma uligonga chuma cha kuwekea mguu kabla gia haijashika, injini ikapiga mayowe, pikipiki ikayumba mpaka ukingoni mwa mtaro. Alirudi akiisukuma. Akaketi kwenye tairi bovu, akajipangusa uso kwa mtandio.

"Nilijua," alisema. "Twende nyumbani."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa jambo lolote. Nilianza kukusanya vitu vyake.

"Mama, mguu wako hauna kosa," fundi alisema. "Kosa ni langu. Nimepima wewe ukiwa umesimama pembeni. Hebu kaa juu yake kama unakwenda kazini."

Akakaa. Fundi akapiga magoti vumbini, akapaka chaki soli ya kiatu chake, akamwambia akanyage, ainue, akanyage tena. Kila alama ya chaki akaipima kwa vidole vyake. Akavisogeza vile vyuma mbele upana wa vidole viwili, akaupinda mkono wa nyuma kidogo kwenda juu, akachomelea upya. Ilipopoa, jua lilikuwa limeanza kulegea.

"Nenda mpaka pale kwenye mwembe, ugeuze," akamwambia, akionyesha mti ulio mbele kidogo kwenye njia ya vumbi.

Tulimsikia akiingiza ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kisha hatukusikia kitu. Tulingoja. Maandazi tuliyonunua kwa jirani yaliisha. Fundi alianza kutafuta funguo za pikipiki yake amfuate. Ndipo tukaiona nyekundu inarudi, mama kainama kidogo mbele, mtandio unapepea, kwenye kishikio amening'iniza mfuko wa machungwa.

"Ulikuwa wapi?" nilimfokea, kama yeye ndiye mwanangu.

"Nimefika mpaka Kingolwira." Alizima injini. "Nilisahau kugeuza."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye. Mimi nililia, na sikujua ni hasira au ni nini.

Alipanda milima miaka mingine sita kwa kisigino, hadi alipostaafu. Mwaka juzi alifariki, nyumbani, akiwa na amani. Kaka zangu walisema nichukue pikipiki mimi. Siku ya kwanza mguu wangu mzima ulihangaika kutafuta pedeli mahali isipokuwapo, injini ikazimika mara nne. Fundi, ambaye sasa ana mvi, aliuliza kama arudishe vyuma vya zamani.

Nikamwambia aviache, nitajifunza. Wiki tatu zilinitosha. Sasa Ijumaa, nikitoka shuleni, napita Bigwa na Kiroka kwenda Kinole kulisafisha kaburi lake, na kwenye kile kilima kirefu nakanyaga kwa kisigino bila hata kufikiri.