Siku Wisnel Aliponirudisha Nyuma ya Foleni

Mjukuu wangu Wisnel nimemlea mwenyewe, tangu mama yake alipovuka mpaka kwenda Santo Domingo kutafuta kazi asirudi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Hata kuku wakiingia jikoni kula mahindi yangu, yeye anawaomba watoke.

Osner, fundi seremala anayeongoza maskauti wa hapa mjini kwetu Jérémie, akaniomba nimwachie mtoto kila Jumamosi. Mwaka wa pili akampa watoto sita awaongoze. Nikasikia kwamba wakipika wali na maharage, kiongozi hula mwisho, wadogo wote wakishashiba. Nilimfuata Osner hadi karakanani.

"Wewe, unamfundisha mtoto wangu njaa? Njaa tunayo nyumbani!"

"Mama Ermancia, namfundisha kuwahesabu wengine kwanza."

"Hesabu misumari yako!"

Nilimkataza Wisnel asirudi huko. Akagoma. Ukaidi huo najua alikoutoa.

Kisha kimbunga kikatupiga, visima vikajaa matope. Siku ya nne lori la maji likafika uwanja wa kanisa, watu wakaanza kusukumana. Dereva akapaza sauti: "Mkigombana, nageuza!" Osner akawapanga vijana wake haraka, Wisnel akapewa bomba la kugawia maji.

Mimi nikapita moja kwa moja mbele na ndoo yangu. Bomba analo mjukuu wangu, nipange foleni ya nini?

"Bibi, nyuma ya Mama Loramène, pale mwisho, tafadhali."

"Unasema na nani? Nani alikuosha makalio?"

"Wewe, Bibi. Rudi nyuma." Bomba hakulifungua.

Mtu akacheka: "Leo Ermancia kapata kiboko yake!"

Wanaume waliokuwa wakisukumana walipoona hata bibi yake Wisnel hapendelewi, wakaingia mstarini. Nami nikarudi, nanung'unika njia nzima. Lori halikugeuka. Hata Altagrâce, mjane asiyeona, aliyefika wa mwisho, alipata ndoo yake.

Wisnel alichota baada ya wote. Yalibaki maji ya kufunika kitako cha ndoo tu, naye akayabeba kama mtu aliyejaza pipa.

Asubuhi nikaenda kwa Osner. Kuomba radhi sijazoea. Marehemu mume wangu alikufa akiisubiri. Nikamwekea muhogo wa kuchoma na kahawa juu ya ubao aliokuwa akiuranda.

"Kula. Na asante."

"Asante ya nini, mama?"

"Usinilazimishe niseme mara mbili."