Kigugumizi cha Mashine ya Mbuyu

Tangu Alhamisi mabegi matatu yalikuwa yamesimama mlangoni kwa Beya, yamekazwa kamba. Kanku, mke wake, ndiye aliyeyafunga, na hakulia. Katika Kolwezi mtoto wa wazazi kutoka mkoa wa Kasai hujua kufunga begi kabla hajajua kusuka nywele, na Kanku alikuwa mwanafunzi mzuri.

Na yote hayo kwa sababu ya laptopu iliyokuwa ikikwama kwenye mchezo wa mpira. Utacheka. Cheka, lakini ungekuwa Dilala, mtaa wa Kolwezi, mwaka ule usingecheka. Bei ya kobalti ilikuwa imeporomoka, halafu askari wakaja kwenye machimbo ya Mutoshi na kuwatoa wachimbaji kwenye mashimo yao, na wanaume waliozoea kushuka mita thelathini ardhini wakawa wanakaa barazani kutwa nzima wakitafuta mtu wa kumkasirikia. Mtu aliyefukuzwa hutafuta wa kumfukuza. Wakasai walikuwa karibu, kama kawaida.

Beya alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kibanda cha mabati kwenye kona karibu na nyumba za zamani za kampuni ya madini. Mikono yake ilikuwa mizuri, ulimi wake mbaya. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na neno likimkwama alifumba macho na kusubiri lipite. Wateja hawakusubiri. Hata Kanku, kwa mapenzi tu, alizoea kummalizia maneno.

Mwenye laptopu alikuwa Mbuyu. Alipokuwa na shimo lake kule Mutoshi vijana walimwita PDG, kwa kuwa ndivyo wachimbaji wanavyomwita mkuu wa shimo. Alipofukuzwa alibaki na jina hilo, na laptopu moja nzito aliyoinunua siku za neema. Akaiunganisha na televisheni, akaweka mabenchi, na chumba chake cha mbele kikawa ukumbi wa michezo. Vijana wote waliokosa mashimo walihamia humo. Wakapanga mashindano, na fainali ikawekwa Jumamosi saa nane mchana.

Shida ni kwamba mashine ilikuwa inacheza dakika kumi vizuri, kisha inaanza. Mchezaji anainua mguu kupiga mpira, mguu unabaki juu. Picha inaruka, inasimama, inaruka tena. Mtangazaji wa mchezo, aliyekuwa akisema Kifaransa kama padri, anashikwa koo: bu-bu-bu-bu. Halafu kila kitu kinaganda.

Beya aliifungua mara ya kwanza, akatoa vumbi jekundu kwenye feni kwa brashi, akapaka upya ile dawa nyeupe inayopitisha joto. Akaijaribu kibandani saa mbili nzima: haikukwama hata mara moja. Kwa Mbuyu ikakwama siku hiyo hiyo. Mara ya pili alipunguza ukali wa picha, akazima programu zilizokuwa zikijisasisha kichinichini, akapima umeme wa chaja. Kibandani ikaenda kama maji. Kwa Mbuyu, dakika kumi, bu-bu-bu. Mara ya tatu, siku ya Jumatano, alibadilisha feni yenyewe. Mambo yakawa yale yale.

Hapo ndipo kijana mmoja, Polycarpe, mwenye ulimi kama wembe, aliposema mbele ya benchi zima, "Si munasikia venye inasema? Bu-bu-bu. Ni fundi aliiambukiza. Kigugumizi yake iliingia mu mashini."

Walicheka. Lakini mzaha una miguu, na huu ulitembea. Kufikia Alhamisi asubuhi ulikuwa umegeuka: fundi ameiba memori akaweka mbovu, fundi ameiwekea dawa ili mashine imkumbuke kila inapotoka kwake, Bakasai njo benye bako vile, yaani ndivyo walivyo. Mbuyu alikwenda kibandani, mashine kwapani, watu kumi nyuma yake.

"Tata Beya," alisema, na hilo "tata" lilikuwa la mwisho la heshima. "Kwako inatembea, kwangu inagoma. Juu ya nini?"

Beya alifumba macho. "Si-si-si—"

"Anatafuta uongo ya kusema," alisema Polycarpe.

"Siku ya fainali utakuya weye mwenyewe," alisema Mbuyu. "Ikikwama mbele ya batu, utabeba bitu byako na bibi yako, muende kwenu."

Kwenu. Beya alizaliwa Dilala, barabara ya tatu kutoka pale. Lakini neno hilo alishalisikia, akiwa na umri wa miaka tisa, mwaka ule wa tisini na tatu, Wakasai walipofukuzwa Katanga. Jirani yao mama Fidélie, mtu wa kaskazini mwa Katanga, alikuwa amemficha jikoni mwake yeye na mama yake na mdogo wake. Akamfundisha: wakikuuliza jina, sema Nkulu, jina la kwetu, wewe ni mwanangu. Vijana wakaja, wakauliza. Jina lilikuwa tayari mdomoni. N-n-n-n. Hawakungoja. Mtoto asiyejua jina lake ni mtoto wa uongo, mmoja wao alisema, na kabla jua halijazama walikuwa wamekaa stesheni pamoja na maelfu ya wenzao. Wiki saba walingoja treni. Mdogo wake, Ntumba, walimzika kando ya reli kabla ya kufika Kasai. Hakuna aliyewahi kumlaumu Beya. Alijilaumu mwenyewe, ikatosha.

Alirudi Kolwezi akiwa mtu mzima kwa sababu hakujua kwingine kwa kurudi.

Basi Jumamosi ikafika. Mbuyu aliiacha mashine kibandani hadi saa saba, Beya akaijaribu tena, ikaenda bila kosa. Aliibeba kifuani mwenyewe. Njia nzima watu walimtazama, na mwendesha pikipiki mmoja alipunguza mwendo ili amtazame vizuri.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Beya aliiweka laptopu mezani, akaunganisha nyaya, akarudi nyuma hatua moja. Wachezaji wawili walishika maneti, vile vidude vya kuchezea. Alichotaka ni kitu kimoja tu: kuona kinachoipata mashine hapa na kisichoipata kwake. Umeme ni ule ule wa mtaa mmoja. Meza ni ya mbao, kama yake. Vumbi ni la Kolwezi lote.

Kabla filimbi haijalia, Odile, mke wa Mbuyu, alitoka chumbani na kitu mkononi. Kilikuwa kifuko cha kitenge, kimeshonwa vizuri na kutiwa mpira pembeni, kinanukia sabuni. Akainua mashine, akaivisha kwa chini hadi ubavuni, akaacha vibonye na kioo tu. Akapiga-piga kwa kiganja kama mtu aliyemvisha mtoto.

Beya alikitazama kile kifuko, ambacho hakuwahi kukiona kibandani. Akasogea. "Ma-mama Odile. Hi-hiyo—"

"Ni ya kuzuiya vumbi," alisema Odile kwa fahari. "Kule mu shimo si banaume banafunga kitambala ku pua? Na mashini nayo inavuta pumzi. Kila mara ikienda kwako ninaivula hii kitambala, ninaifula. Hauwezi kupeleka mugonjwa ku hospitali na nguo ya buchafu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila huyu mama hakuficha kitu. Alifanya kwa usafi na heshima, na kwa usafi na heshima alikuwa anaiziba mashine pua na mdomo. Joto halikuwa na pa kutokea. Dakika kumi ndizo pumzi zake.

Filimbi ikalia. Vijana wakaanza kupiga kelele. Beya alijua kuwa lazima aseme sasa, na kusema sasa ni kumwaibisha mke wa PDG mbele ya watu wanaotaka damu. Akanyamaza dakika moja. Akanyamaza mbili. Aliogopa, na hakuna haja ya kuutafutia woga huo jina zuri. Dakika ya kumi mguu wa mchezaji ukabaki juu. Picha ikaruka. Bu-bu-bu-bu, akasema mtangazaji.

Benchi zima likasimama. Polycarpe alikuwa wa kwanza kumkamata Beya kola. "Munaona? Munaona huyu Mukasai?"

"Ki—" alisema Beya. "Ki-ki-ki—"

"Anazoea kudanganya. Mumutoshe inje."

"Ki-ki—"

Ikawa ni jikoni kwa mama Fidélie tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni na watu walikuwa wengi, na hakuna aliyengoja. Beya alifumba macho.

"Mumuache amalize," alisema Mbuyu.

Hakupaza sauti. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita juu kutoka shimoni, ambako neno la nusu huua watu. Polycarpe akaachia kola. Chumba kizima kilingoja, hata waliokuwa madirishani.

"Ki-ki-kitambala," alisema Beya. "Inakosa pu-pumzi. Hata weye, Mbuyu, u-ukifungwa pua na mudomo, utakimbia dakika ngapi?"

Mbuyu alimtazama mke wake. Kisha akainama, akaivua mashine kile kifuko taratibu, akaweka kiganja pale hewa inapotokea, akakitoa haraka. Palikuwa moto kama sufuria. Akatafuta matofali mawili mwenyewe, akaiinua mashine juu yake, akasema mpira uanze upya. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita, na mtangazaji akafika mwisho wa kila sentensi. Mbuyu hakuomba msamaha. Alimsogezea Beya nafasi kwenye benchi, akakunja kile kitenge na kukitia mfukoni ili Odile asikione.

Beya alifika nyumbani jioni. Kanku alikuwa amekaa juu ya begi moja, viatu miguuni.

"Basemaje?" aliuliza. "Tu—"

Beya akainua mkono kumzuia, na Kanku akafunga mdomo, akangoja.

"Fu-fu-fu," alisema Beya. Alivuta pumzi. "Fungula mabegi."

Kanku alifungua mawili. La tatu aliliacha na kamba zake, akalisukuma chini ya kitanda, akaenda kusonga bukari.