Koma moja kwenye app yangu ya swimming pool ilivyotaka kumfukuzisha mtu kazi Lavington

Wakuu, habari za kutwa. Hii sikusimuliwa, imenipata mimi mwenyewe, na sitaruka hata pale inaponiaibisha.

Niliporudi kutoka Qatar, binamu yangu alinicheka mbele ya watu: "Diploma ya plumbing, miaka sita unaosha pool za hoteli, leo unataka kuandika app? Andika kwanza CV."

Nilijifunza Kotlin, lugha ya kuandikia app, peke yangu kwenye bedsitter. Hakuna bootcamp, hakuna wa kunishika mkono. Baada ya miezi minane app yangu ilikuwa inatumika kwa nyumba kumi na moja hapa Nairobi, Lavington hadi Kitisuru. Nyinyi wa degree, wangapi mnaweza kusema hivyo?

Kazi yake: mfanyakazi anaingiza urefu, upana na kina cha pool, app inamwambia amwage klorini kiasi gani. Na niliwaonya wote, msibishane na app.

Ijumaa moja asubuhi simu ikalia. Ni mama mmoja wa Lavington, mwajiri wa Josué, jamaa Mkongomani aliyeanza kazi wiki hiyo.

"Njoo uone huyu amefanya nini! Wajukuu wangu wanakuja kuogelea saa sita, na hapa mtu hawezi kupumua!"

Nilikuwa Kilimani. Nikapanda boda.

Harufu ilinipokea getini. Josué alikuwa amemwaga kilo tatu mahali pa gramu mia tatu.

Sasa aibu yangu. Bila kuangalia chochote nikasema, "Madam, huyu hajui hesabu."

Josué akanitazama. "Boss, hata mimi nilishangaa. Lakini ulisema tusibishane na app."

"Uliandika kina gani?"

"Moja virgule tano."

Yaani moja, koma, tano. Mita moja na nusu. Kwao koma inafanya kazi ya nukta yetu.

Nikachukua simu yake, nikafungua settings. Lugha: Kiswahili. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona neno lililofuata: Kongo.

Hapo nikajua, maana code yangu naijua kwa kichwa. Sisi huandika 1,000, kwa hivyo nilikuwa nafuta kila koma, halafu toDouble inageuza maandishi kuwa namba. "1,5" ikawa 15. Pool ya kina cha mita kumi na tano!

Madam alikuwa tayari anamwambia akusanye vitu vyake aondoke.

Nilizunguka kando ya maji, nikakaa, nikasimama tena. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, jina langu linaisha mtaa mzima.

"Madam, kosa ni langu. App yangu imesoma vibaya. Yeye aliandika sawasawa."

Akamgeukia yeye kwanza. "Josué, rudi kazini. Na wewe, toa hicho kitu chako kwa simu yake."

Nilikitoa mbele yao wote wawili.

Sikutulia wikendi yote. Nikabadilisha code isome namba kwa Locale ya simu, yaani lugha na nchi iliyowekwa. Nikaiweka simu yangu Kiswahili cha Kongo, nikajaribu "1,5", ikasoma vizuri. Nikajipongeza. Kisha nikaandika "1.5" kwenye simu ileile.

15 tena! Huko nukta ndiyo inayotenganisha maelfu, na watu wa hapa huandika vyovyote.

Sasa app haimwagishi kitu bila kuuliza kwanza kwa maneno: "Kina ni mita moja na nusu?" Na kina kikizidi mita nne, inakataa kabisa. Nyumba kumi zilizobaki nilizipitia moja moja, kwa miguu yangu, nikieleza kilichotokea. Mbili zaidi ziliniacha.

Nilichojifunza: nilidhani Kiswahili ni kimoja, kumbe kina koma mbili. Na kumwambia mtu asibishane na mashine niliyoiandika mimi ulikuwa ujinga.

Bado najiita fundi, tena mzuri. Lakini Josué ndiye aliyebaki na kazi pale, na naona ni haki.

Wakuu wa code, kabla hujanicheka hapo chini, ingiza "1,5" kwenye app yako mwenyewe. Kisha njoo utuambie imesoma ngapi.