Kimondo kwa Ripoti ya Nesi

Wateja walimwita Mama Kesho, na si kwa sababu alikuwa na mtoto wa jina hilo. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, nguo yako iko tayari kesho. Ukirudi Jumanne, iko tayari kesho. Kuna mama mmoja alipeleka gauni la mahafali ya binti yake, akaja kulichukua binti ameshaanza kazi, na bado aliambiwa ashukuru kwa maana mshono ulikuwa safi. Na kweli ulikuwa safi. Hilo hata maadui zake hawakumnyima.

Basi Jumamosi moja, fundi huyu ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kufikisha kitu chochote kwa wakati wake, alifunga kazi saa nane na nusu mchana, si dakika mbele wala dakika nyuma. Alivuta pazia la chumba cha mbele, akaokota pini sakafuni, akaifunika cherehani kwa shuka. Cherehani ile haikufunikwa alipougua homa ya matumbo, wala haikufunikwa wageni walipokuja kulala. Siku hiyo ilifunikwa, kwa sababu Kimondo alikuwa anarudi.

Kimondo ni shujaa wa tamthilia ya runinga. Mchana ni fundi wa lifti, mpole, shati halijapigwa pasi. Dunia ikiharibika anavaa suti ya buluu na joho, anaruka, ananyanyua mabasi yenye abiria, anashikilia madaraja yasianguke mpaka wa mwisho apite. Anaweza kuona kupitia ukuta wa zege, lakini kwa misimu mitatu mizima hajamwona jirani yake wa mlango wa pili ambaye anampenda. Mama Kesho alimpenda kwa moyo wote na kumsema kwa ulimi wote, kama mtu anavyomsema ndugu yake wa damu.

Msimu wa tatu ulikuwa umeishia Kimondo akidondoka kutoka ghorofa ya arobaini, fahamu hana, joho limempitia usoni. Hapo hapo watengenezaji wakaona wakapumzike. Wakapumzika miaka miwili.

"Miaka miwili mtu yuko hewani!" Mama Kesho alimwambia kila mteja aliyesimama kupimwa. "Hata unyoya ungeshafika chini ukaolewa."

Sehemu ya kwanza ya msimu wa nne ilitoka Ijumaa mchana, na mtu yeyote mwenye simu angeweza kuitazama saa ile ile. Yeye hakuitazama. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa, nayo ilisema hakuna kutangulia. Zamani kochi lilikuwa la watu watatu: yeye, mumewe ambaye ni nesi wa hospitali, na mdogo wake wa kike. Katikati ya msimu wa pili mdogo mtu aliiba sehemu ya sita akaitazama peke yake, kisha siku ya kutazama pamoja akajisahau, akacheka kabla ya kichekesho. Alitolewa kochini siku hiyo hiyo. Salamu zilibaki, chai ilibaki, nguo alishonewa kwa bei ya undugu, lakini Kimondo alinyimwa.

Wakabaki wawili. Watoto walikuwa wameshakuwa watu wazima na majumba yao. Mama Kesho aliwahi kujaribu kutazama peke yake, mume akiwa zamu, akajikuta anamgeukia mto wa kochi na kumuuliza, "Umeona lakini?" Mto haukuwa umeona. Hakurudia tena. Kwa hiyo alikuwa na mwenzake mmoja tu duniani kwa jambo hili, na aliogopa kumpoteza kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ndiyo maana alimtisha.

"Mwaka huu sitaki mchezo," alimwambia wiki moja kabla. "Ukisinzia, namrudisha mdogo wangu, wewe utakaa jikoni na masufuria yako. Na ukitangulia, mimi na wewe na Kimondo, basi. Naacha kabisa."

Habari ya kusinzia ilikuwa na historia yake. Nesi alikuwa mtu wa kukaa kochini akiwa mzima na dakika ya kumi akawa marehemu. Akiamshwa anasema, "Nafumba macho tu, nasikia kila kitu." Akiulizwa kimetokea nini, anajibu, "Wanapigana." Jibu hilo lilimwokoa miaka mitano, kwa sababu katika Kimondo ukifungua jicho wakati wowote utawakuta wanapigana.

Kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumamosi alasiri, saa waliyokubaliana kutazama, Mama Kesho aliishi kama mtu anayetafutwa na polisi. Simu aliizika kwenye mkebe wa vifungo. Redio aliichomoa. Mteja mmoja, mwalimu wa sekondari, alianza akiwa anapimwa kiuno, "Fundi, umeona Kimondo alivyo..." na futi ikakazwa mpaka sentensi ikakosa pumzi. Mwalimu akaomba radhi. Vipimo vyake viliandikwa hivyo hivyo, na sketi ile itambana mpaka atakapostaafu.

Nesi alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akaoga, akavaa shati safi, akakaa kochini mgongo umenyooka kama mwanafunzi wa mtihani wa taifa. Mkono wake mara kwa mara ulikwenda kwenye mfuko wa shati na kurudi. Mke akafurahi. Akasema moyoni, vitisho vimefanya kazi.

Saa tisa ikafika, runinga ikawaka.

Dakika kumi na moja za kwanza zilikuwa za kuwakumbusha watu yaliyopita, endapo kuna mtu katika miaka miwili hiyo alipata jambo lingine la kufikiria. Kisha ikaja harusi ya watu wasiojulikana na mtu yeyote. Wakacheza muziki, wakakata keki, shangazi mmoja akatoa hotuba ndefu.

"Hawa ni akina nani?" Mama Kesho aliuliza. "Nimefunga duka nije kwenye harusi isiyo na kadi?"

Hatimaye wakamkumbuka Kimondo. Alikuwa bado anadondoka. Alidondoka, akadondoka, muziki ukapanda, na akatua juu ya lori lililobeba magodoro.



"Magodoro," alisema Mama Kesho. "Miaka miwili silali vizuri, kumbe wenzangu wamemtandikia."

Lakini alikuwa amemshika mumewe goti, na machozi yalikuwa yanamlenga. Kimondo alikuwa mzima. Upumbavu wa magodoro ni kitu kingine na uzima wa Kimondo ni kitu kingine, na mtu anaweza kubeba vyote viwili ikiwa amezoea kupenda watu wasiomsikiliza.

Furaha ilidumu mpaka suti mpya ilipotoka. Mabegani walikuwa wametia pedi ambazo mto wa kulalia ungezionea wivu. Joho lilikatwa kunyookea uzi wa kitambaa badala ya kukatwa mshazari, kwa hiyo lilisimama nyuma yake gumu kama mlango.

"Hilo halipepei," fundi alihukumu. "Akiruka nalo atafika shingo imevunjika. Na angalia mgongoni. Angalia! Zipu! Anaishi peke yake, siri yake haijui mtu, sasa hiyo zipu kamfungia nani? Eh? Kamfungia nani?"

Alimgeukia mumewe ili apate jibu, maana swali lilikuwa zito na lilihitaji kikao. Nesi alikuwa kidevu kifuani.

"Umelala!"

"Silali."

"Haya niambie, kimetokea nini?"

Alisubiri lile "wanapigana". Badala yake nesi alikaa wima, macho yamefunguka nusu, na sauti iliyotoka haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa ile ya asubuhi wodini, pale zamu moja inapokabidhi wagonjwa kwa zamu nyingine na hakuna anayetaka kuchelewa.

"Kimondo, mwanaume, miaka thelathini na mbili. Ameanguka kutoka ghorofa ya arobaini, ametua kwenye magodoro. Fahamu anazo, anaongea, maumivu bega la kushoto. Dakika ya thelathini na nane amepewa taarifa kwamba adui yake, Bwana Ukungu, ni kaka yake wa tumbo moja. Amelia, ametulia. Dakika ya arobaini na tano ameshindwa kuruka, sababu haijajulikana. Mama yake hajala tangu jana. Wa kuangaliwa kwa karibu ni yule mwenzake wa lifti. Huyo hali yake si nzuri. Sidhani kama atafika sehemu ya pili."

Kwenye runinga ilikuwa dakika ya ishirini na sita.

Mama Kesho alibonyeza rimoti. Kimondo akasimama mdomo wazi. Nesi akaamka, sasa akaamka kweli, na kwa uso wa mkewe akajua amesema nini.

"Leta hicho kilichoko mfukoni."

Akaleta. Ilikuwa karatasi ya kukabidhia zamu, imekunjwa mara nne, imejazwa kwa mwandiko wake mzuri: jina la mgonjwa, hali alivyoingia, mabadiliko, maagizo. Kwenye nafasi ya kitanda alikuwa ameandika "Angani". Kikulacho ki nguoni mwako, na mfuko wenyewe aliushona Mama Kesho, kwa mikono yake, na kuutia mshono wa pili usichanike.

"Umetazama lini?"

"Jana, baada ya zamu. Chumba cha chai." Akafikiri kidogo, na kwa kuwa ni mtu mkweli akaongeza, "Mara tatu."

"Mara tatu!"

"Mbili nililala."

Laiti angeomba msamaha, pangekuwa na mahali pa kuanzia. Mama Kesho alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimwambia kwamba mdogo wake alikuwa mwizi wa kuku, yeye ni mwizi wa ng'ombe. Alimwambia afadhali angetafuta mwanamke wa pili, angalau hilo sheria ya nyumba haikulitaja. Sauti ilikuwa ya hasira, lakini chini yake alikuwa ameumia, na alijua ameumia. Tayari alikuwa anauona ule mto wa kochi.

"Kwa nini? Nieleze kwa nini tu."

"Ulisema nikisinzia unaniondoa," alisema nesi. "Mimi nikikaa nasinzia, unanijua. Nikaona nijiandae, ukiniuliza nijibu."

"Mtu anayempenda Kimondo hasinzii!"

"Mimi simpendi Kimondo."

Alisema polepole, kama mtu anayeng'oa mwiba mguuni pake mwenyewe.

"Humpendi?"

"Hata kidogo. Mtu anaruka, halafu kazi yake kutengeneza lifti. Nilishindwa kumwelewa siku ya kwanza."

"Sasa miaka mitano umekaa kwenye kochi hili unafanya nini?"

"Nakaa na wewe," alisema nesi. "Ndiyo saa pekee hiyo cherehani inanyamaza. Siku nyingine nikiongea, naongea na mgongo wako."

Mama Kesho hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe. Akachukua la karibu, na kwa kuwa lilikuwa la hasira likatoka kwa kejeli.

"Haya! Imenyamaza hiyo. Ongea basi tusikie. Kuna nini cha ajabu huko wodi ya upasuaji kinachomshinda Kimondo?"

"Siko upasuaji."

"Hauko upasuaji tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Nilihamishiwa kwa watoto wachanga, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao."

Ilikuwa mwezi wa kumi.

"Hukuniambia," alisema Mama Kesho, lakini taratibu.

"Nilikwambia mara mbili. Ya kwanza ulikuwa unatia marinda sketi za kwaya. Ya pili ulisema mm-hm."

Mama Kesho alijua jina la paka wa Bwana Ukungu. Alijua Kimondo alizaliwa siku gani ya wiki, na babu yake alikufa kwa ugonjwa gani, na kama ungemwamsha usingizini angekutajia majina ya mabasi yote aliyoyanyanyua kwa mpangilio. Mume wake alikuwa ametoka mlango huu huu kwa miezi saba akienda mahali ambapo yeye hakupajua. Aliona haya. Ilimpanda shingoni mpaka masikioni, na safari hii hakuwa na mtu wa kumsema.

Alichukua rimoti akaizima runinga. Kimondo akapotea mdomo wazi, bega halijatibiwa, dunia haijaokolewa, na nusu ya sehemu ambayo watu wamesubiri miaka miwili ikabaki humo humo ndani.

"Utaimaliza lini?" nesi aliuliza kwa hofu.

"Wako wangapi?"

"Akina nani?"

"Hao watoto."

"Leo walikuwa tisa."

Mama Kesho alipanda kochini na miguu yote miwili, akamgeukia.

"Nikabidhi," alisema. "Kitanda cha kwanza."

Nesi alimtazama aone kama anataniwa. Alipoona hataniwi, akakohoa, akakaa wima.

"Kitanda cha kwanza, msichana, siku kumi na moja. Uzito kilo moja na gramu mia mbili. Anapumua mwenyewe tangu jana asubuhi. Jina bado, mama yake anaogopa kumpa. Leo nilipokuwa namgeuza alinishika kidole, hakuachia."

"Kipi?"

Nesi akamwonyesha.