Hale

Juzi sokoni Volo Volo polisi alimfokea kijana mmoja, "Halte!" Mimi niliyetoka nyumbani kwa kujilazimisha, nikafuata vitunguu tu, nikajikuta nimekaa chini. Muuzaji akanicheka: "Koko, inuka bibi yangu, aliyeitwa si wewe!"

Utotoni, Mutsamudu, alasiri moja yenye harufu ya karafuu zilizoanikwa, mjomba wangu alipita mbele ya nyumba yetu, makubadhi yake yakilia taratibu. Askari wa wale Wazungu wa kukodiwa, mamluki waliomlinda rais wakati ule, akapaza sauti, "Halte!" Mimi nikasikia "hale", neno letu la hadithi, nikakaa kizingitini na kukunja miguu, tayari kusimuliwa. Mjomba hakujua Kifaransa, akaendelea na safari yake. Bunduki ikalia, akaanguka, hakuinuka tena.

Mama akanivuta ndani.

"Mama, hadithi imeisha?"

"Nyamaza, mwanangu."

Baadaye nilikisoma Kifaransa mpaka sekondari, na neno lile nikalielewa: simama. Kijana wa sokoni naye analielewa. Alisimama, mikono juu. Lakini yule polisi ni mtoto wa Mvouni, kijiji cha hapa jirani, aliyelazwa usingizi kwa hale kama mimi. Kumwambia mwenzake "simama" kwa lugha ya mama yake, kunamshinda nini?